Kuchagua alumaji ya pikipiki ya zamani ya mashindano, mota ya taimu mbili

Uliza kwanza: umeme utatoka wapi? Alumaji (mfumo unaowasha cheche ya mota) ya betri peke yake, bila chaja kwenye pikipiki, hutoa cheche nzuri hata mota ikizunguka polepole, lakini mjini Goma umeme ukikatika usiku betri ikiwa kwenye chaja, asubuhi una betri tupu. Magneto (inajitengenezea umeme mota ikizunguka) yenye rota, yaani sumaku inayozunguka, ndogo ya ndani haihitaji betri. Ni nyepesi, mota inapanda haraka. Ubaya wake, ukipiga kiki kwa ulegevu haiwaki.

Chagua ile inayochelewesha cheche mota ikikimbia sana. Joto linaingia kwenye bomba la moshi, na kichwa cha pistoni kinapona. Ya kidijitali inataka bujii (plagi ya cheche) au kofia yake yenye rezista (5 kΩ), la sivyo inajivuruga yenyewe.

Kazi kubwa ni koni ya krenki, ile ncha iliyochongoka ambapo rota inakaa. Sugua rota juu yake kwa pasta ya kusagia valvu mpaka igusane kote, kisha futa kwa petroli, ibaki kavu. Mafuta kidogo tu, rota inateleza na taimingi (wakati wa cheche) inahama.

Yamaha RD350: cheche hutoka kidogo kabla pistoni haijafika juu. Pima umbali huo kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu za milimita) kwenye tundu la bujii, si kwa bisibisi.