Jinsi ya kupima tofauti ya mionzi ya kosmiki, magharibi na mashariki, ukiwa Tabora au Kigoma

Mionzi ya kosmiki, yaani chembe zinazokuja kwa kasi kubwa kutoka angani, haifiki kwa usawa kutoka pande zote. Tofauti inayochunguzwa na mitambo mikubwa kama IceCube, kwenye Ncha ya Kusini, ni ya takriban chembe moja kwa elfu. Kifaa cha mezani hakiiwezi kwa muda mfupi. Ipo nyingine inayopimika kwa wiki moja. Karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ukanda wetu ukiwemo, upande wa magharibi huleta chembe nyingi kuliko mashariki. Chembe zinazotoka angani nyingi ni protoni, zenye chaji chanya. Uga wa sumaku huzipinda, na zinazokuja kutokea mashariki huhitaji nishati kubwa zaidi ili zipenye. Mwaka 1933 wanafizikia Luis Alvarez na Arthur Compton walipima jambo hili Mexico City wakapata tofauti ya karibu asilimia 10.

Tafuta vipande viwili vya sintileta ya plastiki (plastiki inayotoa mwanga kidogo chembe ikipita ndani yake), sm 20 kwa 20, unene sm 1, kila kimoja na kihisi mwanga cha silikoni. Vifunge kwa foili ya jikoni, kisha nailoni nyeusi ya ujenzi mara mbili, na utepe wa umeme kwenye kingo zote. Usiku, pitisha tochi kwenye maungio: mapigo yakipanda, mwanga unavuja. Vipande vitazamane kwa umbali wa sm 50 kwenye fremu ya mbao iliyolala nyuzi 45 kutoka wima, na fremu izunguke juu ya nguzo moja. Mninga unafaa, stendi ya chuma itaipotosha dira ya kutafutia magharibi na mashariki.

Saketi ihesabu pale tu vipande vyote viwili vinapopiga ndani ya mikrosekunde 1. Hapa usilegeze. Kipande kimoja peke yake kinaweza kupiga mara 30 kwa sekunde, kwa kuwa udongo na matofali navyo vina mionzi yake. Kwa mikrosekunde 1, mapigo yanayokutana kwa bahati tu hayafiki 0.002 kwa sekunde. Kwa mikrosekunde 100 yanafika 0.18, na muoni halisi unazotarajia, yaani chembe ambazo mionzi ya kosmiki huzizaa ikigonga hewa ya juu na ndizo kifaa hiki huzihesabu, ni kama 0.25 tu. Bahati haina mashariki wala magharibi, kwa hiyo tofauti unayoitafuta itafifia.

Linaloharibu vipimo vingi, hata hivyo, ni nguzo iliyoinama. Wingi wa muoni hupungua kwa takriban mraba wa kosaini ya pembe kutoka wima, na kwenye nyuzi 45 kosa la nyuzi moja hubadilisha hesabu kwa asilimia 3.5. Nguzo ikiinama nyuzi moja kuelekea magharibi, upande mmoja unapimwa kwenye 44 na mwingine kwenye 46: asilimia 7 za uongo, karibu sawa na jibu lenyewe. Pima maji ya fundi haitoshi peke yake. Tundika timazi kwenye fremu, soma pembe ikielekea magharibi, izungushe, soma tena, na weka vipande vya karatasi chini ya kitako hadi masomo mawili yalingane ndani ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Katikati ya wiki geuza kitako chote nyuma mbele. Mwinamo uliosalia utajifuta wenyewe.

Badilisha upande kila saa, kwa mpangilio wa magharibi, mashariki, mashariki, magharibi. Usipime upande mmoja asubuhi na mwingine jioni. Kanieneo ya hewa, ambayo hubadilisha wingi wa muoni, hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kihisi cha silikoni hubadilika joto likipanda chini ya bati saa saba mchana. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha. Tupa saa ambayo haikukamilika.

Mfano wa hesabu baada ya wiki: magharibi 79,000, mashariki 72,000. Gawa tofauti kwa wastani wa hizo mbili: 7,000 kwa 75,500, asilimia 9.3. Kosa la takwimu ni 2 gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla, yaani asilimia 0.5.

Kigoma, vilima visivyozidi nyuzi 20 juu ya upeo havina shida, maana kifaa hakioni chini ya hapo. Bati na majani ya mwembe pia hayazuii muoni. Ukuta wa zege wa upande mmoja unazuia baadhi, kwa hiyo kaa uwanjani au juu ya paa tambarare. Usilinganishe hesabu ghafi za miji hii miwili: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na ziwa liko karibu mita 773.

Ukitaka ile tofauti ya moja kwa elfu, utahitaji mapigo yapatayo milioni 18. Kifaa hiki hukusanya kama 21,600 kwa siku, hivyo ni zaidi ya miaka miwili, tena kila saa isahihishwe kwa kanieneo.