Somo: Mashine moja, matangi mawili

Siku moja mashine ya boti ilinizimikia katikati ya maji, tangi la kulia likiwa na mafuta zaidi ya nusu. Nikaminya pampu ya mkono mpaka kiganja kikauma. Mpira wa pampu ukabaki tepetepe, haukazi hata kidogo. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefungua koki zote mbili nikidhani matangi yatakwisha pamoja. Hayakwishi pamoja. La kushoto lilikauka kwanza, na tangu hapo pampu ikavuta hewa ya kushoto, ikaacha mafuta ya kulia, maana hewa ni nyepesi kuvuta.

Kwa hiyo shika hili kwanza: mashine inyonye tangi moja kwa wakati mmoja, na wewe ujue ni lipi.

Hatua ya 1: Fuata mabomba kwa mkono

Fungua mbao za sakafu, ushike kila bomba kuanzia tangini hadi kwenye mashine. Chora kwenye karatasi, andika namba kwenye kila koki. Koki nyingi za mpini, mpini ukilala sambamba na bomba imefunguliwa, ukikingama imefungwa.

Mashine ya petroli yenye kabureta kwa kawaida ina bomba la kwenda tu. Dizeli ina la kwenda na la kurudi, kwa sababu pampu huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa na yaliyozidi hurudishwa tangini. Hapa ndipo wengi huumia. Ukivuta kushoto huku marejeo yakienda kulia, tangi la kulia litajaa mpaka litapike kwenye tundu la kupumulia. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Kwenye dizeli usiombe yatimie.

Hatua ya 2: Pima kwa kijiti

Geji ya umeme hudanganya boti ikiinama. Kijiti chenye alama za lita hakina longolongo. Kadirio la haraka kwa petroli: mashine ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa moto wote hula kama lita 15 kwa saa. Gawa mafuta mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Mimi hiyo ya mwisho huiweka kwenye tangi lake peke yake, maana akiba iliyochanganyika na matumizi utaila bila kujua.

Hatua ya 3: Jaribu kila tangi kabla ya kufungua kamba

Ukigeuza koki mashine haizimi papo hapo. Mafuta yaliyomo kwenye bomba na kwenye chujio huitosha dakika kadhaa. Ndiyo maana mtu huondoka akijiona yuko salama, kisha inamzimikia mlangoni mwa bandari. Endesha dakika 15 kwa kila tangi ukiwa bado umefungwa.

Hatua ya 4: Badilisha mapema

Usingoje tangi likauke. Likibaki robo, badilisha, ukiwa kwenye maji mapana. Usifanye hivyo karibu na mwamba wala unapoingia kwenye mawimbi ya mlango. Kwa dizeli fungua kwanza marejeo ya tangi jipya, kisha fungua koki ya kwenda, ndipo ufunge za zamani. Usifunge marejeo yote mashine ikiwa inazunguka, utapasua sili za pampu. Andika saa uliyobadilisha.

Hatua ya 5: Angalia mlalo

Lita 100 za dizeli ni kama kilo 84, sawa na mtu mzima aliyekaa ubavuni safari nzima. Ukiona boti inalala upande, vuta kutoka upande huo.

Maswali

Swali: Shikamoo nahodha. Nikiunganisha matangi kwa bomba la chini yajisawazishe yenyewe, si nitapumzika na koki?

Jibu: Marahaba. Gatini utapumzika. Baharini boti ikilala kushoto, mafuta ya kulia yatahamia kushoto na kuzidi kuilaza. Bomba hilo liwe na koki, na ifungwe kabla ya kuondoka.

Swali: Natumia matangi ya kubebeka ya petroli. Nikihamisha mpira wa mafuta kwenye tangi la pili, mashine inakwenda dakika kumi inazima. Nikifungua mfuniko inawaka tena.

Jibu: Umesahau kulegeza skrubu ya hewa juu ya mfuniko. Tangi lisipopumua, mafuta hayatoki. Utaona hata ubavu wa tangi umebonyea. Na matangi hayo jaza ukiwa umeyashusha nchi kavu: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama sakafuni mwa boti ukingoja cheche.

Swali: Dizeli yangu imekula upepo, hewa imeingia kwenye mabomba, baada ya tangi kukauka. Nimefungua lenye mafuta lakini haiwaki.

Jibu: Funga kwanza tangi tupu. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza. Kwenye mashine za zamani, ikikataa bado, legeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli, zinazopuliza mafuta ndani ya mashine, huku mwenzako akipiga stata. Mashine za kisasa za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa sana, usizifanyie hivyo. Presha yake hupenya ngozi.

Swali: Mwalimu, nimefuata mabomba leo kama ulivyosema. Marejeo yote yanakwenda tangi la kushoto na hakuna koki.

Jibu: Umefanya vizuri kugundua ukiwa gatini. Mpaka fundi akuwekee koki ya njia sita, ile inayogeuza kwenda na kurudi kwa mpini mmoja, anza kila safari na tangi la kushoto ulipunguze hadi karibu nusu. Ndipo uvute la kulia, ukichungulia la kushoto kila nusu saa maana litakuwa linapanda. Likikaribia kujaa, rudi kwake. Na kijiti chako kiwe karibu.