Mbawakawa Hunusa Mzoga Kabla Yako

Kuku akifia kwenye kona ya banda usiku, wewe utamwona asubuhi. Mbawakawa wa mizoga huenda tayari yuko njiani. Nyama inapoanza kuvunda, bakteria huachia gesi zenye salfa, na vipapasio vya wadudu hawa, ambavyo kwa wengi wao vimevimba nchani kama rungu, huinasa harufu hiyo hata ikiwa hafifu. Akishainasa, mbawakawa huruka akikabili upepo. Harufu ikimpotea huyumba huku na huko mpaka aipate tena, kisha hutua na kumalizia safari kwa miguu.

Wapo wanaotaka mzoga mbichi. Jamii moja huzika panya au ndege mdogo mzimamzima, humnyonyoa manyoya na kulelea watoto wao humo chini. Wengine hufuata funza wa nzi na kuwala. Hao waache, wanakufanyia usafi bila malipo.

Wa kuangaliwa ni wale wanaokuja mwishoni, mzoga ukishakauka. Hula ngozi, manyoya na nyama kavu, na hao hao ndio huharibu ngozi ghalani na samaki wakavu. Mabuu yao yakikaribia kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbawakawa kamili, hutoboa mbao yapate pa kujificha. Nguzo za banda zikianza kutoa unga, usiwalaumu mchwa moja kwa moja.

Kunyunyizia dawa huku mzoga ungali umelala pale ni kazi bure, kwa sababu harufu itawaita wengine. Ondoa kwanza kinachonuka. Pita bandani kila siku, inua vyombo, chungulia pembeni, okota waliokufa. Ndege wachache unaweza kuwafanya mboji: walaze katikati ya maranda makavu, uwafunike pande zote kwa kina cha sentimita 30 hivi. Ukizika, kaa mbali na kisima, na ufukie kwa kina mbwa wasifukue. Ngozi na samaki wakavu wasihifadhiwe jirani na shimo hilo.

Mnyama akifa ghafla, damu ikamtoka puani au mkunduni, usimpasue wala kumchuna. Huenda ni kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza hata watu. Wazuie watu na mbwa wasimkaribie, kisha mwite daktari wa mifugo kabla hujagusa chochote.