Kupanga Kamera ya Droni Kabla ya Kuirusha Mombasa

Kabla ya kushika kamera, shughulikia kibali. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, na kisiwa cha Mombasa kiko karibu mno na uwanja wa ndege wa Moi na bandari ya Kilindini kwa mtu kurusha kwa kubahatisha.

Mipangilio ya kamera nayo iamuliwe ukiwa bado chini, kwani betri ya droni ndogo ikishaanza kuliwa na upepo wa kusi, huna nafasi ya kujaribu hiki na kile. Hifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi yenye data yote ya kihisi cha kamera, weka ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 100 na uiache hapo mchana kutwa, maana vihisi hivi ni vidogo na ISO ikipanda picha huingia chenga. Droni nyingi ndogo zina tundu la lenzi lisilobadilika, hivyo kinachobaki mkononi mwako ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga.

Hapo ndipo pwani yetu inapohitaji uangalifu, kwa sababu ya weupe wake: mchanga wa Nyali, kuta za chokaa za Mji wa Kale, povu la mawimbi yanayovunjika mwambani. Sehemu nyeupe ikishaungua kwa mwanga kupita kiasi hakuna programu itakayoirudisha, ilhali kivuli cha faili ya RAW huweza kuinuliwa baadaye. Tazama histogramu, mchoro wa kiasi cha giza na mwanga katika picha; ikiegemea ukingo wa kulia, ongeza kasi ya shata, hata kama picha inaonekana ya giza kwenye simu, kwani skrini iliyopigwa na jua si ya kuaminiwa. Joto la rangi nalo (mpangilio wa weupe wa mwanga) lifunge kwenye 5500 K, yaani Kelvin, la sivyo bahari itakuwa na buluu tofauti katika kila picha na mandhari ya kuunganisha itaonyesha viraka.

Anayetaka mwamba uonekane chini ya maji achague siku ambayo maji hukupwa asubuhi, apige saa tatu au saa nne asubuhi. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa karibu utosini, na kamera inayotazama chini moja kwa moja hupokea mng'ao wake katikati ya picha. Kichujio cha polaraizi, kioo kinachopunguza mng'ao wa maji, husaidia, lakini kigeuze kabla ya kupaa, huku ukijua droni itaelekea upande gani.

Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50 ya sekunde. Juani, lenzi yenye tundu la f/2.8 itahitaji kichujio cha ND64, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64.

Ukuta wa Fort Jesus unaotazama bahari hupata jua asubuhi. Anayelazimika kuupiga jioni, ukiwa kivulini, apange kamera itoe picha tatu za mwangaza tofauti kwa mpigo mmoja, kisha afute chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuwasha mota.