SOMO: Kufungia laktezi ndani ya shanga za alginati, kwa maziwa yasiyo na laktosi

Laktezi ni kimeng'enya (kichocheo cha asili) kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa. Hapa tunakifungia ndani ya shanga, yaani vitone vilivyoganda vya alginati, gundi itokayo kwenye mwani. Kila wiki swali ni lile lile: "Shanga zangu zimelainika ndani ya maziwa, nifanyeje?" Naandika mara moja, tafadhali someni mpaka mwisho.

Kwa lita moja ya maziwa: alginati ya sodiamu ya chakula gramu 3, maji mililita 90, laktezi ya kimiminika itokayo kwenye hamira (Kluyveromyces lactis) mililita 10, na kloridi ya kalsiamu ya chakula (chumvi inayogandisha alginati) gramu 10 katika nusu lita ya maji.

1. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa. Ya kisima yana chokaa, alginati itafanya mabonge.

2. Nyunyiza alginati kidogo kidogo blenda ikizunguka. Ilaze usiku kucha mapovu yatoke.

3. Tia laktezi, koroga kwa mwiko.

4. Dondosha kwa bomba la sindano ndani ya kloridi, kutoka juu kama sentimita 10. Ukikaribia mno tone linabaki na mkia. Ukipanda mno linakuwa bapa.

5. Hapa ndipo nilipoharibu, nikaziacha shanga kwenye kloridi usiku mzima. Zilitoka ngumu, nzuri kwa macho, lakini laktosi haikupungua. Laktezi ya hamira huzubaishwa na kalsiamu iliyo huru. Kwa hiyo zikae dakika 30 tu, zichuje, zisuuze mara tatu kwa maji baridi yaliyochemshwa. USISUUZE kwa bafa (maji ya maabara ya kutuliza uchachu) ya fosfati wala sitrati: hizo hunyang'anya kalsiamu inayoshika shanga. Maziwa yenyewe yana fosfati na sitrati, ndiyo maana shanga hulegea polepole. Zikibonyea kama ugali mwepesi, tupa. Wala usizikaze kwa glutaraldehaidi, kemikali yenye sumu ya kukazia, hiki ni chakula.

6. Pasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30, yapoze hadi nyuzi 4, ndipo utie shanga. Friji saa 24, tikisa mara kwa mara, chuja.

MASWALI

Kijana_Wakiso: Zangu zimeyeyuka zote. Msaada!!
— Umesuuza na nini?
Kijana_Wakiso: Bafa ya fosfati, kama tulivyofanya maabara.
— Hatua ya 5, imeandikwa kwa herufi kubwa. Tengeneza upya.

Mama_Mbarara: Mwalimu, naweza kuzitumia kwenye bongo (maziwa ya mgando)?
— Dada, bongo ni chachu mno kwa laktezi ya hamira, inayotaka pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu huzidi) 6.5 hadi 7. Tafuta ya ukungu wa Aspergillus oryzae, hiyo hupenda pH karibu na 5. La sivyo, ondoa laktosi kwanza, ugandishe baadaye.

Juisi_ya_Mbidde: Na pektinezi, kimeng'enya kinachovunja pektini (utando wa matunda), kwa juisi ya ndizi, njia ni hii hii?
— Swali zuri sana. Laktosi ni ndogo, hupenya ndani ya shanga. Pektini ni mnyororo mrefu, hubaki nje huku kimeng'enya kikikaa ndani bila kazi. Kwa mbidde (ndizi za juisi) tia pektinezi huru, kisha pasha juisi moto kukizima.

Mama_Mbarara: Nitajuaje laktezi haivuji?
— Toa shanga, pima glukosi ya maziwa (laktosi ikivunjika hutoa glukosi na galaktosi), yarudishe kwenye friji, pima tena baada ya saa 12. Ikipanda, inavuja. Mashine ya sukari ya famasi inatosha kulinganisha, mradi strip (vijiti vyake vya kupimia) ziwe za glukosi oksidezi, kimeng'enya kinachotambua glukosi, kwa sababu baadhi ya nyingine husoma hata galaktosi. Zimua maziwa mara kumi kwanza: laktosi ikivunjika yote glukosi hufika karibu gramu 24 kwa lita, mashine haifiki huko.