SOMO: Duka linauza kila siku, mbona mtaji unapungua?

Habari zenu wakuu. Leo naongea na wenye maduka ya mtaani: unga, sukari, sabuni, vocha. Wateja hawakauki, lakini mwisho wa mwezi shelfu zimepwaya. Mara nyingi mwenye duka anakula mtaji akidhani anakula faida.

Hatua ya 1: Jua faida ya kila bidhaa. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umefika dukani kwa sh 130,000, pamoja na hela ya bodaboda. Ukiuza kilo sh 2,800 unapata 140,000. Chako ni 10,000 tu. Sasa angalia mzani: mfuko huo una robo 200. Ukizidisha gramu 5 kila robo, umegawa kilo nzima bure, yaani zaidi ya robo ya faida yako.

Hatua ya 2: Jilipe posho ya wiki, na iandike. Mafuta na unga unaopeleka nyumbani uandike pia, kwa bei ya dukani. Hapa ndipo maduka mengi yanapofia.

Hatua ya 3: Kila anayekopa awe na kikomo. Hajamaliza deni, hakopi tena.

Hatua ya 4: Kodi ya makadirio ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tenga kidogo kila wiki. Na ukiona umekadiriwa kubwa, daftari la mauzo ndilo litakalokutetea.

MASWALI

Mwanachama, Mbagala: Mkuu, shemeji anakopa halipi. Nikimnyima, nyumbani kunawaka moto.

Jibu: Pole sana. Kaa na mwenzio mkubaliane kiasi cha kumsaidia kwa mwezi, kitoke kwenye posho yako. Dukani awe mteja kama wengine.

Mwanachama, Mwanza: Nimeweka kijana dukani, nitajuaje kama ananiibia?

Jibu: Usimshuku kabla ya kuhesabu. Chagua bidhaa tano zinazotoka sana. Kila Jumapili chukua mzigo uliokuwepo, jumlisha ulioingia, toa uliobaki. Hicho ndicho kilichouzwa. Linganisha na pesa.

Mwanachama, Morogoro: Nichukue kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, niongeze mzigo?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Sukari ya 130,000 inakupa 10,000 mpaka mfuko uishe, wakati wakopeshaji wanataka rejesho kesho asubuhi. Ongea na msambazaji akupe nusu mfuko kwa mali kauli, umlipe ukiuza.