Mti wa ukoo wa vipepeo na nondo kutokana na DNA: kagua kodoni kabla ya kuchora

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mifuatano yake ya DNA iko tayari kwenye faili la FASTA, iwe ameisoma mwenyewe maabara au ameipakua kutoka hifadhi za mtandaoni za GenBank au BOLD. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye mti wake ulikuwa umetawanya spishi za jenasi moja kila kona.

1. Jua unauliza nini

Ukitaka kutenganisha spishi za jenasi moja, kipande cha besi 658 cha jeni ya COI kutoka mitokondria mara nyingi kinatosha. Ukitaka kujua familia zipi ni ndugu, COI peke yake haifai. Besi za nafasi ya tatu ya kodoni (besi tatu zinazosomwa pamoja kama asidi amino moja) zimebadilika mara nyingi mno, na dalili za zamani zimefutika. Ongeza jeni za kiini kama EF-1α, wingless, RpS5 na GAPDH. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 kuhusu oda nzima ya vipepeo na nondo (Lepidoptera) ulitumia jeni zaidi ya 2,000 kwa spishi 186, kwa hiyo usitarajie jeni moja ikujibu maswali ya kiwango hicho.

2. Chagua kundi la nje

Vipepeo ni tawi moja tu lililochipuka ndani ya nondo. Kwa hiyo ukichunguza vipepeo, nondo wanafaa kuwa kundi la nje, yaani spishi zisizo za kundi unalochunguza zinazoonyesha mzizi wa mti uko wapi. Ukichunguza Lepidoptera wote, chukua wadudu wa oda ya Trichoptera, ndugu zao wa karibu kabisa. Kundi la nje lililo mbali mno huvuta matawi marefu na kuyaweka pasipo pake. Chukua spishi mbili au tatu, usitegemee moja.

3. Pangilia

Kwa programu ya MAFFT, panga mifuatano yote ili besi zinazolingana zikae chini ya nyingine; matokeo ndiyo safu:

`mafft --auto --adjustdirection ghafi.fasta > safu.fasta`

Mfuatano uliogeuzwa utauona umeongezewa `_R_` mwanzoni mwa jina. Kwenye majina tumia mstari wa chini badala ya nafasi.

4. Tafsiri kuwa protini uikague kwa macho

Hapa ndipo saa zinapopotea, na hapa ndipo watu wanaporuka. Fungua safu kwenye AliView, programu ya kutazama safu. MEGA nayo inaweza kazi hii, lakini AliView ni nyepesi na haikuzungushi. Weka msimbo wa mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo, yaani jedwali namba 5. Ukiacha msimbo wa kawaida, TGA itasomeka kama kodoni ya kusimamisha, wakati katika mitokondria hizi ni triptofani. Kipande cha COI cha Lepidoptera huwa na TGA karibu kabisa na mwanzo, hivyo safu nzima itaonekana mbovu na utaanza kufuta data isiyo na kosa.

Kisha anza kusoma kwenye besi ya pili, si ya kwanza. Kipande cha kawaida cha 658 huanza na besi ya mwisho ya kodoni iliyokatwa, na baada yake zinabaki kodoni 219 kamili. Hili litakurudia kwenye faili la kugawanya nafasi za kodoni, `nafasi.nex`, utakalolitumia hatua ya 5:

```
#nexus
begin sets;
charset n1 = 2-658\3;
charset n2 = 3-658\3;
charset n3 = 1-658\3;
end;
```

Wengi huandika n1 = 1-658\3 kwa mazoea. Programu haitalalamika.

Hapo sasa tafuta TAA na TAG katikati, au pengo la besi moja au mbili. Kama si kosa la kusoma kromatogramu, yaani grafu ya mashine iliyosoma DNA (rudi ukaitazame kwanza), inaelekea umeshika nakala ya jeni ya mitokondria iliyohamia kwenye kiini na kufa huko. Itoe. Ila nakala changa huenda isiwe na dosari hizo, kwa hiyo safu safi si hakikisho. Mfuatano usiofanana na mwingine wowote upeleke BLAST, zana ya kutafuta mifuatano inayofanana kwenye hifadhi, kwani huenda ni wa bakteria Wolbachia aliyeishi ndani ya mdudu wako. Kwa yule mwanafunzi, waliokuwa wakizurura walikuwa na TAA katikati.

Jeni za kiini zikague pia, ila kwa msimbo wa kawaida.

5. Chora

`iqtree2 -s safu.fasta -p nafasi.nex -m MFP+MERGE -B 1000 -alrt 1000`

Natumia IQ-TREE kwa sababu inachagua modeli na kujenga mti kwa amri moja.

6. Soma matokeo

Fungua `.treefile` kwenye FigTree na uweke mzizi kwenye kundi la nje. Kila kifundo (mahali matawi yanapogawanyika) kina namba mbili za kuonyesha kinavyoaminika. Ya kwanza ikifika 80 na ya pili 95, kiamini. Chini ya hapo usikijengee hoja, hata kama kinakubaliana na mwonekano wa mabawa.

Endesha COI na jeni za kiini kando kando kabla ya kuziunganisha. Zikipingana kwa nguvu, usikimbilie kuchukua wastani. Spishi mbili zikizaliana, Wolbachia anaweza kueneza mitokondria za moja ndani ya nyingine, na COI ikawaonyesha kama ndugu wa karibu kuliko walivyo. Hapo mimi hufuata jeni za kiini na kuuweka mti wa COI kando yake ili msomaji aone tofauti.